Hajaonekana

Walimu wa chuo walimbandika jina la Rula, wala hakulichukia. Kazi yake ilikuwa kupima ubora wa kozi, na mwaka ule wote aliumaliza akiandika viwango vya kozi mseto, zile ambazo mwanafunzi husoma nusu darasani, nusu mtandaoni. Kiwango cha saba alikitunga peke yake, akakipenda kama kifungua mimba: mwanafunzi asiyefungua masomo ya mtandaoni majuma matatu mfululizo, kompyuta imwandike "hajaonekana", afutwe. Kikaoni mhadhiri mmoja mzee aliuliza, "Na asiye na mtandao je?" Rula akajibu kwamba penye nia pana njia. Watu wakacheka, kikapita.

Jumatatu asubuhi orodha ya kwanza ya waliofutwa ikamfikia mezani. Majina kumi na moja. La tisa lilikuwa la mama yake mzazi.

Alilisoma mara tatu akidhani macho yanamchezea. Mama alikuwa amefundisha chekechea miaka thelathini, na sasa alikuwa ameambiwa asipopata stashahada mwaka huu, darasa lake atapewa mwingine. Rula mwenyewe ndiye aliyemwandikisha, tena kwa mbwembwe, na simu ya kisasa akamnunulia. Akampigia kwenye namba ya zamani.

"Mama, mbona hufungui masomo?"

"Ile simu ilianguka, mwanangu, kioo kikafa. Nilijua umebanwa na viwango vyako, nikaona nisikusumbue."

Miezi miwili hakuwa amekanyaga kwa mama yake. Alijichukia. Akapanda ngazi mbio hadi kwa mkurugenzi, hata hodi hakubisha. Akaomba mama yake aongezewe juma moja tu. Akaomba siku tatu.

"Rufaa haipo," mkurugenzi alimwambia, bila ukali. "Ilikuwepo, ukaifuta wewe. Ulisema inafuga uvivu. Nikimrudisha mama yako, hao kumi niwaambie nini?"

"Warudishe wote!"

"Baraza limeshapitisha, na halikai tena mpaka mwakani. Sheria ni msumeno, ndugu yangu."

Saa nane mchana mama aliwasili, akaketi mbele ya meza ya mwanawe na begi mapajani. Alitoa madaftari manne. Kila Jumamosi, baada ya vipindi vya darasani, mwanafunzi mwenzake alimwazima simu, naye akanakili somo zima kwa mkono, akajibu na maswali. Kompyuta ilimhesabu huyo mwenzake tu.

"Kagua," alisema, kwa sauti yake ya ualimu. "Hakuna nililoruka."

Rula alikagua. Kweli hakuruka hata swali moja, na maelezo yake pembeni yaliyapita ya wahadhiri wengine. Alitamani kuichana ile orodha, lakini nakala zake zilikuwa zimeshatumwa kila idara. Mwisho, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuifanya kazi hiyo, akamsogezea barua ya kufutwa.

Mama alivaa miwani, akasoma taratibu mpaka chini kabisa, kwenye sahihi. Aliijua. Yeye ndiye aliyemfundisha kushika kalamu.

"Ha-ja-o-ne-ka-na," alilisoma, kama anavyowasomea watoto wake. Kisha akavua miwani. "Nani hakuniona, mwanangu?"