Fizikia imepita jikoni kwa Mama Asende

Ndugu wa hapa mjini Baraka na mlio mbali, natangaza kwa heshima zote: leo mtu mmoja, peke yake, amezungusha mashine ya kukamua mawese, ile inayosukumwa na watu kadhaa.

Mtu huyo ni mimi. Makofi yasubiri kwanza.

Mnajua vita ilinitoa shuleni kabla ya fizikia. Sasa najifundisha kwa kitabu, na mvi zangu hizi. Kitabu kinasema mti wa kusukumia ukiwa mrefu, nguvu inayohitajika inapungua.

Mke wangu akasema, "Papa Furaha, mawese itapoa, mafuta haitatoka. Ita batu basukume!"

Watu wa nini? Nikafunga mti mrefu, nikasukuma. Mashine ikazunguka kama mchezo!

Ila mti mrefu huzunguka mbali.

Ukavuka ua, ukaingia jiko la jirani, ukaangusha sufuria ya bugali.

"Papa Furaha!" Mama Asende akapiga kelele. "Kitabu yako ilisema upite mu jiko yangu?"

Ukweli wenyewe ni huu: mafuta waliyakamua bamama hao wawili, kwa mti mfupi, mawese yangali ya moto. Mimi nilikuwa nasonga bugali mpya. Una madonge. Wanaula sasa hivi, wanacheka.

Na nyinyi mnacheka nini?