Samaki wa Mama Mkwe Walivyonipitisha Nchi Nne

Mkitaka kucheka chekeni sasa mmalize, kwa sababu mwenzenu hapa Majengo nimeshaitwa "Mkongo" mpaka na watoto wa jirani, aibu nimeimeza yote, lakini hasira haijaisha, haijaisha kabisa.

Mimi ni Msukuma wa Kasansa, nimekulia nyuma ya ng'ombe, na hapa Mpanda nauza spea za pikipiki. Ziwa Tanganyika nililiona kwa mara ya kwanza nilipokwenda Karema kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Adelina. Nilipokelewa vizuri, baba mkwe anacheka, mama mkwe ananiita "baba", na Adelina akaninong'oneza kwamba mwenye neno la mwisho ni mama, akikukataa yeye umekataliwa. Asubuhi ya kuondoka mama huyo akanikabidhi ndoo nyeupe yenye mfuniko, imefungwa kitambaa. "Zawadi yako baba, utafungua ukifika." Sasa niambieni nyie, nani anamuuliza mama mkwe umeweka nini humu? Nikapokea, nikapiga na goti kidogo (mwanaume mzima), nikapanda basi.

Kipindi hicho ziwa lilikuwa limefungwa. Kila mwaka kuna miezi uvuvi unasimamishwa ili samaki wazaliane, na pale Karema nilikuwa nimeyasikia maneno hayo mpaka yamenichosha. Kwa hiyo basi liliposimamishwa kwenye kizuizi, ofisa akaingia, akafungua ndoo mbele ya abiria wote, nikaona samaki wamekatwa vipande, wamekaangwa kwa mawese mpaka wakawa wekundu, nikajua nimekwisha!

"Ndoo ya nani hii?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nikisema nimepewa ataniuliza na nani, na mimi nimtaje mama yake Adelina kwa serikali, tumejuana jana tu? Nikaona bora nife mimi. "Ya kwangu, afande. Nimenunua kwa Mkongo." (Nilijiona mjanja sana. Ziwa limefungwa kwetu, samaki wa Kongo wao wamekosa nini?)

"Shuka," akasema.

Nikashuka na ndoo, na abiria nao wakashuka, wengine kunyoosha miguu, wengi kutazama sinema.

"Ziwa hili ni la nchi nne," ofisa akaniambia taratibu kama anafundisha darasa la pili, "na zimekubaliana kufunga pamoja. Kongo nako wamefunga. Halafu wewe umeingiza samaki kutoka nje bila kibali. Kosa lilikuwa moja, umeongeza la pili mwenyewe."

Damu ikanichemka, na hata sasa nikisimulia inachemka. Nikamuuliza, huo mpaka wa nchi nne umechorwa wapi kwenye maji? Ng'ombe wa baba yangu walishakamatwa kwa kuingia hifadhini, na iliniuma, lakini pale angalau kuna kibao, ng'ombe hajui kusoma ila mchungaji anajua. Samaki anazaliwa Kongo, anakulia Zambia, anakuja kunenepa Karema, mnamhukumu kwa sheria ya nani? Na kama ni wa wote wanne, kwa nini anayenishusha kwenye basi ni wewe peke yako, wenzako watatu wako wapi? Niliyasema hayo kwa sauti, mikono hewani, vijana wawili wakanipigia makofi, na makofi yakanilevya.

"Kwa hiyo hawa ni wa Kongo au wa Zambia?" ofisa akauliza.

"Wa Zambia!"

"Zambia nako wamefunga."

"Basi wa Burundi!"

Mama mmoja aliyekuwa anarudi kwake Katumba, kule kwa waliokuwa wakimbizi, akaruka. "Wewe kaka, Burundi utuache! Wazazi wetu walitoka huko na nguo za mwilini tu, leo mnatubebesha na samaki?" Watu wakacheka mpaka kondakta akakaa chini.

Katikati ya kicheko hicho simu yangu ikaita. Mama mkwe. Nikataka kuikata, ofisa akasema pokea, weka sauti kubwa.

"Baba, umefika salama?"

"Mama, mimi ni ofisa wa kizuizini. Kijana wako anasema samaki hawa kanunua kwa Mkongo."

Mama mkwe akasema, "Mkongo gani? Hao ni perege wa bwawa letu la shambani, mume wangu alilichimba walivyoanza kufunga ziwa. Nimewakaanga mwenyewe. Mpigie bwana samaki wa hapa, huyo wa idara ya uvuvi, bwawa analijua." Halafu akashusha sauti. "Baba, kwa hiyo wewe ulijua mimi ni mwizi wa ziwa?"

Basi zima lilikuwa linanisubiri nijibu, mimi nikainama kurudisha mfuniko wa ndoo.

Bwana samaki akapigiwa, akathibitisha, nikaachiwa na ndoo yangu. Ofisa akaniuliza eti kwa nini sikusema ukweli tangu mwanzo, kama vile yeye hana mkwe! Na lile swali langu la nchi nne hajalijibu mpaka leo, wala sijaona wa kulijibu.

Adelina nimemuoa, mama alikubali. Lakini tulipokwenda kuwasalimia ziwa likiwa limefunguliwa, migebuka ya ziwani imejaa mezani, kila mtu na kipande chake, mama mkwe akasema mbele ya ukoo wote, "Mkwe wangu mleteeni maharage. Samaki wa humu hajui wametoka nchi gani." Hakuna aliyenitetea, hata Adelina aliinamia sahani yake. Nimeapa kwamba nikiulizwa tena mzigo ni wa nani nitamtaja aliyenipa, awe mkwe, awe askofu. Siku ile lakini nilikula maharage, nikamaliza, na mama aliponitazama nikaomba niongezewe.