Kijerumani cha Babu

Moshi wa korosho zinazochomwa haufanani na moshi mwingine. Una mafuta ndani yake. Hushika nguo, huwasha macho, na ukishaingia puani hautoki upesi. Juzi nilipita Ukunda nikamkuta mama mmoja akichoma korosho juu ya bati kando ya barabara, nikasimama pale hata akadhani nataka kununua. Sikutaka korosho. Nilikuwa nimerudi Msambweni, nina umri wa miaka tisa, nimekaa uani kwetu, babu yangu abangua korosho kwa jiwe na dada yangu asoma Kijerumani.

Niwajulishe kwanza watu hawa. Babu Bakari ndiye aliyemzaa mama yangu. Alizaliwa upande wa Tanganyika, akavuka mpaka akiwa kijana wakati Mjerumani na Mwingereza walipopigana, akaoa Msambweni, na kwao hakurudi hata kuzika. Alikuwa mpole, mtu wa maneno machache kuliko meno, na meno yenyewe yalikuwa yamebaki matano. Alikuwa na jambo moja tulilozoea kulicheka: hakukubali kupeleka ujumbe. Mama akimwambia, "Baba, ukipita kwa Bi Mwanaidi mwambie nitamtembelea Ijumaa," alijibu, "Mwambie mwenyewe. Mimi sichukui neno la mtu kumpelekea mtu." Mama alisema uzee una vituko vyake.

Dada yangu, Da Riziki, alikuwa msichana wa kwanza wa mtaa wetu kuingia chuo kikuu. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, bendera ingali mpya, na kila aliyekwenda Nairobi kusoma tulitarajia arudi daktari, au akikosa sana, awe Bwana Di-Si, mkuu wa wilaya. Da Riziki alirudi likizo na sanduku la vitabu, akasema asoma Kijerumani: lugha yao, mashairi yao, hadithi zao na desturi zao.

Bi Mwanaidi, jirani yetu, alishika kiuno. "Mjerumani mwenyewe keshafukuzwa zamani, mwanangu. Wamfuata wapi?"

Mama akamtetea. Akasema zile hoteli zinazojengwa Diani zajaa Wajerumani watupu, na Riziki atakuwa mkubwa wao. Da Riziki alikaribia kulia kwa hasira. Hakutaka hoteli. Alitaka kufundisha watu mashairi. Alisema kuna shairi moja la mama anayemngoja mwanawe, ukilisikia utaapa limetungwa hapo jirani, Kinondo.

Chuo kilikuwa na nafasi moja tu ya kwenda Ujerumani mwaka mzima, na baada ya likizo wanafunzi wangetahiniwa kwa kusema mbele ya walimu. Kuandika hakuwa na mpinzani. Taabu ilikuwa mdomo. Hata neno lao la kusema "mimi" lilimshinda. Sauti ya mwisho wake ilimtoka kama mtu anayefukuza kuku. Alilirudia neno lile asubuhi akifagia, mchana akichota maji, hata nami nikawa nalisema usingizini.

Alasiri moja Mama alikuwa akikuna nazi, Babu na korosho zake, mikono imekuwa myeusi kwa mafuta ya maganda. Da Riziki alisema neno lake kwa mara ya mia. Babu, bila ya kuinua macho, akasema, "Ulimi uweke chini, nyuma ya meno. Pumzi ndiyo ipite juu." Kisha akalisema.

Mama aliacha kukuna. Da Riziki alimtazama Babu kama mtu aliyeona jiwe likitoa shikamoo.

"Babu! Wakijua Kijerumani?"

"Nilisoma."

"Ulisoma wapi?"

"Shuleni kwao, Tanganyika. Nilikuwa wa kwanza darasani." Akagonga korosho nyingine.

Zaidi ya hapo hakusema, na Da Riziki hakuuliza, maana furaha ilikuwa imemziba masikio. Mwalimu aliyekuwa akimtafuta alikuwa akilala chumba cha pili. Alimbembeleza siku tatu. Alimpikia uji wa mtama, akamkanda miguu, akamwambia bila yeye ile nafasi itakwenda kwa mwingine. Siku ya nne Babu alikubali. Nadhani alikubali kwa kumpenda. Nataka kuamini hivyo.

Kwa juma zima nilikaa kwenye mkeka nikiwatazama. Babu akisema Kijerumani alikuwa mtu mwingine. Mgongo wake uliopinda ulinyooka, kidevu kikapanda, na sauti aliyokuwa akiifichaficha ilitoka nzito, safi, kila neno limekatwa kwa kisu. Da Riziki alikuwa na penseli na daftari. Kila Babu alipotamka neno, aliandika vialama vyake vya kukumbuka jinsi lilivyotamkwa. Mdomo wake ulianza kulainika. Mama aliwaambia wanawake kisimani kwamba mzee wake alikuwa msomi, na sisi hatukujua.

Siku ya mwisho Da Riziki alichagua hadithi ya hakimu wa mji mdogo akimhukumu mwizi wa ng'ombe. Alisoma sentensi ya kwanza, akanyamaza avute pumzi. Babu, ambaye hakuwa ameombwa lolote, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyesimama mbele ya umati, "Bwana Mkubwa asema, mtu huyu aletwe mbele."

Da Riziki alicheka, akasoma ya pili. Babu akaitafsiri. Ya tatu, Babu akaitafsiri. Ukurasa ukaisha, Da Riziki akafunga kitabu, lakini Babu hakunyamaza. Akaendelea mwenyewe, kwanza kwa Kijerumani, kwa sauti kali ya mtu mwingine, kisha kwa Kiswahili, kwa ile sauti yake safi.

"Bwana Mkubwa asema, Mbaruku bin Juma, hamsa ishirini." Hivyo ndivyo walivyoviita viboko ishirini na vitano vya Mjerumani. "Bwana Mkubwa asema, Shee bin Ali, hamsa ishirini na mnyororo miezi sita." Kijerumani tena, kirefu. "Bwana Mkubwa asema, Salimu bin Omari amekataa kazi ya shamba la pamba, na amewafundisha wenziwe kukataa. Kesho asubuhi atanyongwa mbele ya boma. Watu wote waje watazame. Bwana Mkubwa asema, mtu asilie."

Nilipiga makofi. Nawaambia ukweli ulivyokuwa: nilipiga makofi. Nilidhani ni mchezo, na sikuwa nimemsikia mtu akisema vizuri namna ile, ila labda msomaji wa Maulidi. Babu akageuka akanitazama, akatabasamu, meno yote matano. Kisha tabasamu likabaki usoni peke yake, mwenyewe amekwisha kuondoka.

"Baba," Mama alisema polepole. "Salimu yupi?"

Sote tulijua Salimu bin Omari ni nani. Ni kaka yake Babu. Mjomba wangu alipewa jina lake. Tulikuwa tumeambiwa alikufa kwa homa.

Babu alitazama mikono yake iliyoungua na mafuta ya korosho. "Nilisema sawasawa," akajibu. "Sikukosea hata neno moja." Akainuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Hakutufunulia tena habari ile. Alisali, alijibu salamu, basi. Chakula alikigusa akakisukuma. Mama alimpelekea sahani kila siku na kila siku hakumwuliza. Aliiweka chini, akasimama kidogo mlangoni, akaondoka. Mwezi wa mfungo haukumkuta Babu. Siku ya maziko Mama hakutoa chozi, na wanawake walimsema. Nilimsikia Bi Mwanaidi akinong'ona kwamba mtu asiyemlilia baba yake ana moyo wa mawe. Mimi nilidhani Mama amekatazwa.

Da Riziki alikuwa amerudi Nairobi kwa mtihani. Alituambia baadaye kwamba alisimama mbele ya walimu, akaweka ulimi nyuma ya meno, akasema lile neno la "mimi", na walimu wakatazamana kwa furaha. Akaweka kitabu juu ya meza, akatoka nje. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Masomo yenyewe hakuyamaliza. Alirudi nyumbani, akakaa miaka miwili bila ya kazi, na mwisho akaajiriwa mapokezi katika hoteli moja ya Diani, kwa sababu kila mahali waliuliza ajua nini, na alichojua kilikuwa hicho kimoja.

Miaka mingi niliamini kwamba Babu alivunjwa na woga. Kwamba aliposikia tena lugha ya Bwana Mkubwa aliogopa kama mtumwa aliyesikia mjeledi. Niliwasimulia wanangu hivyo. Ni masimulizi yanayobebeka. Kisha siku moja, Da Riziki amekaribia kustaafu, nilimtembelea kazini, nikamwuliza jambo ambalo hatukuwahi kulizungumza: kwa nini aliacha.

"Wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Mimi nilikuwa nikielewa. Neno la kunyongwa nililisikia kwa Kijerumani kabla ninyi hamjalisikia kwa Kiswahili. Nililielewa, mdogo wangu, na bado penseli yangu ilikuwa ikienda. Niliandika jinsi alivyolitamka. Nikajiambia, laiti ningeweza kusema hivi, ile nafasi ni yangu."

Ndipo nilipolifahamu lile tabasamu la Babu, na ndipo nilipotamani nisingalilifahamu. Hakuwa ameogopa. Siku ile mbele ya boma, kijana wa kwanza darasani, mkalimani wa Bwana Mkubwa, ndugu yake amesimama amefungwa kamba mikononi, alikuwa ameona fahari ya kusema vizuri. Huenda ilikuwa punje tu, ya kufumba na kufumbua. Ilitosha kumla miaka hamsini.

Gari la wageni likasimama mlangoni, wazee wa Kijerumani wenye kofia nyeupe. Da Riziki aliinuka, akanyoosha sare yake, akawaendea. Sikuelewa alichowaambia. Nilimwona mmoja wao akisimama na mzigo wake mkononi, amependezwa, bila shaka akimwuliza alijifunza wapi kusema vizuri hivyo.