Kle ya Papa Eugène

Mama yangu Clotilde hakusamehe, na mtu asiniambie kwamba siku moja atasamehe. Mchungaji amekuja mara tatu kumsihi, akala bukari, ugali wetu, akaondoka na shibe yake tu. Mimi Reine, binti yake wa kwanza, nilikuwapo siku aliyolipiza kisasi, na mpaka leo nikiikumbuka moyo wangu unapoa.

Baba yangu Eugène alikuwa fundi wa mashine kiwandani, hapa hapa Likasi. Kila kifaa chake alikigongea namba yake ya kazi, 470318, maana kiwandani ukigeuka tu kifaa kinaota miguu. Aliigonga mara mbili: moja kwenye mpini, nyingine mahali pa kujificha. Mama naye aliijua namba hiyo kuliko siku yake ya kuzaliwa. Kila mwezi wake za wafanyakazi walipanga mstari kuchukua mposho, unga na samaki wakavu, na pale dirishani hawakuulizwa jina. Waliulizwa namba. Mama aliitamka kwa Kifaransa, kichwa juu: "Quarante-sept, zéro trois, dix-huit!"

Kisha miaka ya tisini ikatuangukia. Mashine zikasimama, mposho ukakatwa, mshahara ukawa hadithi. Ndipo Benoît, aliyefanya kazi na baba meza moja, akaleta habari kwamba huko pwani kuna meli ya kubeba mafuta, jina lake Aldora, inatafuta mafundi wawili. Baba alibeba sanduku lake la vifaa, kilo arobaini za chuma, akaenda naye.

Mwaka 1994 Benoît akarudi peke yake. Alilia uani kwetu mpaka wanawake wakamshika mikono. Meli ilipasuka, alisema, ikazama kwa dakika kumi na mbili na mafuta yake yote. Eugène alikuwa chini kwenye mashine, zamu yake.

"Ata kiatu sikutoshaka, shemeki," alimwambia mama, yaani hata kiatu hakukitoa melini. "Nilitokaka miguu tupu."

Tukamhurumia. Tukampa viatu vya baba, vile vyeusi vya ngozi alivyokuwa akivaa kanisani.

Haikupita miezi mingi akafungua gereji Kikula, si mbali na kwetu. Siku moja bomba la maji la mtaa lilipasuka, na jirani yetu Germain akaenda kwa Benoît kuazima kle, spana kubwa ya kushika mabomba. Alipokuwa akifunga bomba alimpa mama amshikie. Mpini ulikuwa umesagwa kwa mashine, unang'aa, hauna namba. Lakini kidole gumba cha mama kilipita chini ya mdomo wa kle, kikagusa namba ya pili. Aliisoma kwa ngozi, tarakimu baada ya tarakimu, na maji yanamwagika miguuni pake.

Hakupiga kelele. Alimwomba Germain akamwambie Benoît kwamba kle imeibwa, na ampelekee kuku wawili wa kumtuliza. Benoît akala kuku. Mama akaificha kle jikoni, na kwa miezi minane alimsalimia mtu yule kwa heshima zote, Papa Benoît huku, Papa Benoît kule. Mimi nilidhani amemzoea. Nilimchukia mama kwa salamu zile.

Alikuwa anangoja bima. Benoît mwenyewe ndiye aliyetuambia kwamba wenye meli wanadai fidia, na mjane akitia sahihi karatasi kuwa mumewe hakuwahi kulalamikia meli ile, naye atapata fungu lake. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nasoma Mulungwishi, na shule ilikuwa imeshasema nisirudi bila ada. Karatasi ile niliitaka kuliko mtu yeyote nyumbani.

Mkaguzi wa bima alifika alasiri moja, Benoît akiwa nyuma yake kama shahidi, amevaa suti na viatu vya baba. Mkaguzi hakuficha. Alisema wanashuku mafuta yaliuzwa kwanza mahali pengine, kisha meli tupu ikazamishwa makusudi. Lakini meli iko chini ya bahari, ushahidi hawana.

"Kuna kitu chochote kilichotolewa melini kabla haijazama?" alimuuliza Benoît.

"Mungu anaona, Monsieur. Ata kiatu."

Mama akaenda jikoni. Nilifikiri anafuata kalamu. Alirudi na kle, akaiweka juu ya karatasi, akamwita Germain aje dirishani.

"Hii ni ya nani?"

"Ya Papa Benoît," Germain akasema. "Njo ile niliazimaka kwake. Alikulaka kuku wawili juu yake."

Mkaguzi akaigeuza kle, akasoma chini ya mdomo wake, akafungua cheti cha kazi cha baba ndani ya faili. Namba zilikuwa zile zile. Akaanza kuandika haraka. Ili sanduku litoke, alisema, lazima kuna mtu aliyejua mapema kwamba meli itazama.

"Maneno ya mafuta ni yenu," mama akamwambia, kisha akamgeukia Benoît. "Sanduku ilikuwa chini ku mashine. Eugène alikuwa chini ku mashine. Weye ulishuka, ukabeba chuma, ukaacha muntu?"



"Nilimwambiaka Eugène, kapiteni anataka sanduku kule juu," Benoît akasema. "Eugène mwenyewe alinisaidiaka kuibeba mpaka ku ngazi."

Mama hakulia. Alinyoosha kidole.

"Tosha viatu."

Alivivua, mbele ya mkaguzi, mbele ya Germain, mbele yangu. Alivuka uwanja wetu miguu tupu juu ya kokoto, na mtaa mzima ukimtazama, kwa sababu Germain, pale dirishani, alishaanza kuwasimulia watu.

Bima haikumlipa mtu, wala sisi. Gereji ilifungwa, Benoît akapelekwa Lubumbashi kuhojiwa. Mimi sikurudi Mulungwishi. Nilikaa na mama sokoni Kikula, tukipima unga kwa kopo. Watu husema Clotilde aliuza masomo ya mwanawe kwa sababu ya hasira. Ni kweli, aliyauza. Angeniambia mapema, kle ile ningeileta mezani mimi mwenyewe.