Kivuli cha mkaa mbele ya wodi ya wazazi

Saa moja na nusu asubuhi, kwenye uwanja mtupu mbele ya wodi ya wazazi, gari jeupe linaingia kwa kasi na kusimama katikati.

“Wewe dereva! Umepaki juu ya mwarobaini!”

Dereva wa mkuu wa utawala anashuka mbio, anainama na kuchungulia uvunguni. Haoni mti. Anaona kiti cha plastiki kimelala chali chini ya bampa, na mstari wa majivu uliovurugwa na matairi.

“Mti wenyewe uko wapi, mama?”

“Si huo umeulaza? Toa gari lako hapo kabla sijakupanda wewe.”

Mwanamke anayefoka ni mtunza bustani wa hospitali hii. Wenzake wanamwita Mama Majivu, na jina lenyewe halimkeri. Kinachomkera ni vingine, na leo ana vingi.

Yeye hachori bustani kwenye karatasi. Kila mwaka, mvua za kwanza zikikaribia, anaichora chini, kwa ukubwa wake halisi. Majivu ya jiko ni mipaka na njia. Ndoo iliyopinduliwa ni kichaka cha maua. Kiti ni mti. Kisha anaiacha hivyo siku kadhaa, atazame watu wanapita wapi na wanakwama wapi, ndipo ashike jembe.

“Nilishawahi kupanda ua wa miiba kwenye njia ya watu,” anasema. “Wakaukanyaga mpaka ukafa. Nikawatukana mwezi mzima. Halafu nikaona, aa, mwenye makosa ni mimi. Miguu yao ilikuwa inaniambia kitu, sikutaka kusikia.”

Majirani humwekea majivu yao kwenye makopo mlangoni. Binti yake hufa kwa kicheko akimwona anatoka na mfuko kichwani. “Ananiambia, mama, watu wanaiba vya maana, wewe unabeba majivu.”

Mwaka huu ameongeza rangi ya pili. Kando ya kila kiti amemwaga chenga za mkaa, duara jeusi, pana kama mkeka. Hapo, anasema, ndipo kivuli cha mwarobaini kitakapoanguka mchana. Katikati ya miti amesimamisha fito za kichanja cha mipasheni, itakayotambaa juu na kutoa kivuli mapema, maana mwarobaini hauharakishwi, na watu wa kusubiri wako leo.

Watu hao wameshaanza kufika. Kina mama wenye chupa za uji, waume wasiojua pa kuweka mikono, bibi mmoja na fimbo yake. Ndani hawaruhusiwi mpaka saa ya kuona wagonjwa, na nje hakuna hata ukuta wenye ukanda wa kivuli. Wanakaa chini, juani, na khanga kichwani.

Zamani palikuwa na miti mitatu hapa. Iliangushwa ili magari ya wakubwa yapate pa kugeuzia. Hakuna aliyewauliza wanaoisubiri wodi, na hakuna aliyejisumbua kuona wanahamia wapi. Walibaki palepale, jua likawahamia wao.

Miezi michache baada ya miti kuanguka, mdogo wake Mama Majivu aliletwa akiwa na uchungu wa kuzaa. Mama yao mzazi akaketi hapa tangu asubuhi akingoja habari. Mchana akaanguka.

“Alikuja kumwangalia mgonjwa, akageuka mgonjwa,” anasema. “Nani aliyekuja kuniita? Mpishi. Unajua nilikuwa wapi? Langoni. Namwagilia maua ya kupokelea wageni wa wakubwa. Mama yangu yuko chini kama gunia, mimi namwagilia maua ya wageni!”

Mama yao alipona, lakini tangu siku hiyo hatembei bila kushikwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni akija, mwenyeji anaungua.

Na wageni wa wakubwa wanakuja tena. Utawala umeamua uwanja uoteshwe nyasi tupu, uzungushiwe minyororo, mtu asikanyage. Mwandishi wa makala haya alipouliza kwa nini, alijibiwa kwamba wageni wanapenda kuona mahali pasafi. Kana kwamba bibi aliyeketi kivulini ni taka.

Mkuu wa utawala ameahidi kutoa neno la mwisho leo. Mpishi, aliyetoka jikoni kupunga upepo, anamtania Mama Majivu: “Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Ukifoka mbele yake umempa sababu.”

“Basi nisifoke? Nicheke?”

Adhuhuri mkuu anatoka, shati limepigwa pasi, na kusimama ukingoni mwa majivu.

“Mimi naona viti tu, mama.”

Kabla hajajibiwa, bibi mwenye fimbo anainuka. Anajikokota hadi kwenye duara jeusi, anatandika khanga yake juu ya mkaa na kuketi. Jua linamchoma utosini.

“Mimi nimeshaingia kivulini, baba,” anasema. “Karibu.”

Mtu anacheka. Mwanamume mmoja anamfuata, kisha mama mwenye chupa ya uji, kisha wengine, mpaka madoa yote matatu yanajaa watu waliobanana juani. Hakuna tena anayecheka.

Mkuu anatazama saa yake. “Miti hiyo mpaka itoe kivuli ni miaka.”

“Ungepanda siku ile ulipokata,” anasema Mama Majivu, safari hii bila kufoka, “saa hizi tungekuwa tunaongea chini yake.”

“Nitalifikiria,” anasema mkuu, na kuelekea garini. Hilo ndilo neno la mwisho lililoahidiwa.

Mama Majivu anatema mate pembeni. Mawingu yamekusanyika nyuma ya paa la wodi, na mvua ya kwanza itaosha majivu na mkaa wote. Hangoji kufikiriwa. Miche anayo nyumbani, ameiotesha mwenyewe kwenye makopo ya majirani, na kesho atachimba pale pale penye viti.

“Wakitaka waing’oe. Lakini waing’oe mchana, watu wakiwa wamekaa, wawaangalie usoni.”

Gari jeupe, lililosogezwa kando tangu asubuhi, linawashwa. Badala ya kukata katikati ya uwanja, linarudi nyuma taratibu, linakizunguka kiti cha kwanza, linakizunguka cha pili, matairi yakipita nje ya mstari. Dirisha la nyuma linashuka.

“Unazunguka nini?” anauliza mkuu.

“Kuna mti hapo, bosi,” anajibu dereva.