Mtahini Aliyegeuza Uso

Nyamoita alijifunza kusikiliza mashine akiwa na ufagio mkononi. Alitoka Keumbu akiwa msichana, akaajiriwa kufagia vumbi la chai katika kiwanda kimoja upande wa Nyamira. Mfagiaji hupita karibu na kila mashine mara nyingi kuliko fundi, kwa hiyo haikuchukua muda akajua ni ipi inanguruma vizuri na ni ipi inalalamika. Siku moja alimwambia fundi mkuu kwamba feni ya tatu ina shida.

"Wewe fagia, dada," fundi akacheka. "Feni ina daktari wake."

Siku mbili baadaye beringi ya ile feni, chuma chenye gololi kinachobeba mhimili wake, ilivunjika, na majani ya siku nzima yakaharibika. Fundi mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimwita, akampa bisibisi ndefu, akamwonyesha namna ya kuweka ncha kwenye beringi na mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake ya kwanza ya mitetemo.

Mimi nilimjua mwaka wa 1994, alipokuja katika karakana ya Subhash mjini Kisii, ambako nilikuwa nikikereza vyuma. Mbele ya duka Subhash aliuza beringi na mikanda, nyuma tulitengeneza mashine. Wakati huo Nyamoita alikuwa amekwisha kupita mitihani ya ufundi ya serikali, na pia alikuwa na cheti kutoka ofisi moja ya Nairobi, cha kupima mitetemo kwa mita. Alikaa Nyanchwa, akishuka mlima kila asubuhi kwa miguu, amevaa ovaroli ya kijani juu ya gauni. Watu walimwita Mama Nyamusi, kwa jina la binti yake wa kwanza.

Ile ofisi ya Nairobi ilitaka mahali pa kuwatahini mafundi wa Kisii na Nyamira, ili wasiende hadi Nakuru. Subhash akatoa chumba cha nyuma, na Nyamoita akapewa muhuri wa mtahini. Muhuri ule ulikuwa jambo kubwa kwetu. Kiwandani, mtu asiye na cheti akisema feni hii izimwe, meneja humwuliza yeye ni nani. Mwenye cheti akisema izimwe, huzimwa.

Mtihani wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuupita. Chumbani kulikuwa na mota na feni juu ya sakafu ya zege. Nyamoita aliificha kasoro moja ndani yake, pengine kwa kuongeza washa mbili, vile visahani vya chuma vya kuwekwa chini ya nati, upande mmoja wa feni ili izunguke bila usawa. Fundi alichukua mita, akaweka kifaa chake cha kugusa juu ya beringi, kisha ubavuni, kisha mwishoni, akasoma namba na kutaja ugonjwa. Nyamoita alikuwa na karatasi yenye visanduku kumi na viwili, akitia alama kila hatua iliyofanywa vizuri.

Hakuwa mtu wa kubembelezwa. Fundi mmoja alikuja na kuku chini ya kwapa. Nyamoita akamfunga kuku mlangoni, akamtahini mwenye kuku, na yule bwana akashindwa kabisa kusema ni beringi gani mbovu.

"Chukua kuku wako," akamwambia. "Kutoka mlangoni yeye amesikia ni beringi gani. Mwulize njiani."

Tulicheka hadi Subhash akatoka dukani kuuliza kuna nini.

Mwezi wa tatu mwaka wa 1997 likaja jina ambalo Nyamoita hakulitaka. Lilikuwa la Mogaka, fundi wa kiwanda cha chai karibu na Nyaramba, aliyekuwa amemwoa Nyamusi miezi mitatu tu kabla.

"Mpeleke Nakuru," Nyamoita alimwambia Subhash.

Subhash alizaliwa Kisii, alisema Ekegusii cha sokoni kwa ufasaha kuliko watoto wangu, na alijua vizuri tunachokiita ensoni. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake hawabanani katika chumba kimoja, hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Si chuki. Ni heshima, na anayeivunja huonekana hana adabu. Lakini Subhash alikuwa ameisoma fomu.

"Fomu inakataza kumtahini mzazi, mtoto, ndugu na mume," alisema. "Mkwe hayumo, Mama Nyamusi. Nakuru wana foleni hadi mwezi wa nane."

Basi akamtahini. Mogaka aliingia akiwa ameinamisha kichwa. Nyamoita alisimama mlangoni, uso wake ukiwa uani, mgongo ukiwa kwa mkwe. Mogaka alisoma namba kwa sauti, naye akaziandika bila kugeuka. Kijana alitaja ugonjwa sawasawa. Alipomaliza aliiweka mita juu ya meza, akatoka kwa mlango mwingine. Nyamoita akapiga muhuri.

Sisi sote tuliona jambo limefanywa kwa adabu. Hakuna aliyewaza kingine.

Mwezi wa saba ofisi ya Nairobi ikamtuma Bwana Gibson, mtu wa Taita, mrefu, mpole, mwenye miwani ya kamba. Hakuja kuwapima mafundi. Alikuja kumpima anayewapima. Alikuwa na uwezo wa kuuacha muhuri mkononi mwa Nyamoita au kuuweka katika mkoba wake na kuondoka nao, na ukiondoka, mafundi wetu wote wangerudi kwenye foleni ya Nakuru.

Siku ya Jumanne alikaa mezani na kuzipitia karatasi za mitihani moja baada ya nyingine. Nyamoita alikaa mbele yake, mikono imetulia mapajani. Gibson alizisifu. Kisha akafika kwa moja, akaigeuza, akairudisha.

"Mama, karatasi zako zote zina alama kumi na mbili au zina sababu. Hii ina kumi na moja, na mtu amepita. Kisanduku cha saba kiko wazi."

Kisanduku cha saba kilisema: mtahini ameona kwa macho yake mahali kifaa kilipowekwa.

Subhash, aliyekuwa amesimama nyuma, alianza kukohoa. "Labda wino, Bwana Gibson. Kalamu za siku hizi..."

"Si wino," Nyamoita alisema. "Sikutia alama kwa sababu sikuona. Huyo ni mkwe wangu. Nilimpa mgongo."

"Ulimpa mgongo mtu unayemtahini?"

"Kwetu ndivyo inavyotakiwa. Niliisikia mashine, nikamsikia yeye, na majibu yalikuwa sawa. Lakini mkono wake sikuuona. Angeweza kushika mita hewani na kusoma namba alizopewa na rafiki yake."

Gibson alivua miwani. "Unajua unachoniambia?"

"Najua. Ningetaka kudanganya ningetia alama mwezi wa tatu." Kisha akasema, kwa sauti ileile, "Agiza hicho cheti kirudi. Umtahini wewe mwenyewe, kesho. Akishindwa, chukua na muhuri wangu, kwa sababu nitakuwa nimempa asiyestahili. Akipita, mimi nitakuwa nimekosea njia tu, si mtu."

Gibson akakubali. Subhash akapiga simu Nyaramba. Niliona jasho kwenye shati lake, lakini kwa Nyamoita sikuliona.

Asubuhi ya Jumatano Gibson alisema mota na feni visogezwe hadi upande wa pili wa chumba, ili asiyejua asibahatishe kwa mazoea. Mimi ndiye niliyevisogeza na kuvifunga upya sakafuni. Gibson mwenyewe akatia washa upande mmoja wa feni, akaandika jibu katika karatasi yake: feni haina usawa.

Mogaka alifika saa nne, amevaa viatu vyake vya kanisani. Alipomwona mama mkwe uani alipinda njia, akapita nyuma ya tangi la maji. Nyamoita naye akageukia ukuta, akaketi juu ya pipa la mafuta lililopinduliwa. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mota ikawashwa.

Mogaka alipima juu, ubavuni, mwishoni. Gibson alisimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Kijana alisema namba, kisha akasema, "Feni haina usawa."

"Vizuri," Gibson akasema, akainua kalamu.

"Sijamaliza, bwana." Mogaka akapiga goti. Akaweka kifaa kwenye mguu mmoja wa mota, akasoma, akahamia mguu wa pili, wa tatu, wa nne. Akarudi kwa wa tatu. Akaweka ncha ya kidole pale mguu unapokutana na zege. "Huu mguu umelegea. Kuna magonjwa mawili."

Gibson akaitazama karatasi yake. "Mimi nimeweka moja."

"Wewe umeweka moja, bwana. Mimi nasema yaliyopo."

"Usipokuwa na hakika, unaruhusiwa kufuta jibu."

"Sifuti."

Uani Subhash alikuwa amemsogelea Nyamoita. "Unasikia? Kijana anajiharibia! Ni kweli umelegea?"

Nyamoita alikuwa amefumba macho. "Nimesikia tangu mota ilipowaka."

"Basi ingia umwambie Gibson!"

"Nikiingia, cheti kitakuwa changu, si chake. Kaa chini, Bwana Subhash."

Subhash akakaa chini, juu ya tofali, akiwa na suruali yake iliyopigwa pasi.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya swichi. Sipendi kusema mbele ya watu, na siku hiyo kulikuwa na mtu mkubwa wa Nairobi. Lakini nilikumbuka kwamba nilipokuwa nafunga mguu wa tatu, Subhash aliniita nimsaidie kubeba meza, na sikukumbuka kama nilirudi kuukaza kabla ya kufunga wa nne. Nilizima mota. Nikachukua spana, nikaiweka mkononi mwa Gibson.

"Mota niliifunga mimi," nikasema.

Gibson akapiga magoti sakafuni na suruali yake nzuri. Nati ya mguu wa kwanza haikusogea. Ya pili haikusogea. Ya tatu ilizunguka karibu mzunguko mzima kabla ya kukaza. Akaniambia niwashe tena. Mogaka akapima, na namba ya mguu ule ikawa sawa na za wenzake, ikabaki kasoro ya feni peke yake.

Gibson aliinuka, akajipangusa magoti. Halafu akaichukua karatasi yake mwenyewe, akaandika jibu la pili kwa mkono, na kutia alama visanduku kumi na viwili.

Alitoka uani. Nyamoita akasimama.

"Mama," Gibson alisema, "muhuri wako unabaki. Lakini nitaandika kwamba ulikosea kumtahini, na ya kwamba ulisema mwenyewe. Yote mawili."

"Andika yote mawili," Nyamoita akajibu. "Na kwenye fomu yenu, pale mnapokataza ndugu, ongezeni mkwe. Mliacha watu wengi nje."

"Baba mkwe na mama mkwe?"

"Na shemeji. Huku kwetu, bwana, utajaza ukurasa."

Gibson akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Fomu mpya zilipokuja mwaka uliofuata, neno mkwe lilikuwa limechapishwa, mstari wa tano.

Mogaka alikuwa amerudi nyuma ya tangi la maji, cheti alichorudishiwa mkononi, akisubiri njia iwe wazi. Nyamoita alijua yuko pale. Alinigeukia mimi, akasema kwa sauti ya kutosha kufika kwenye tangi:

"Mwambie mtu wa Nyaramba kwamba mguu wa tatu ulisomwa vizuri. Na amsalimie Nyamusi."

Kisha akaingia chumbani, akachukua spana, na kukagua nati zote nne nilizofunga.