Mkutano wa Kumtoa Mwanangu Skuli

Mkuu wa skuli aliponiita ofisini nilijua si kwa heri. Binti yangu ana usonji, na makelele humtesa. Siku chache kabla, kengele ilipolia, alitoka mbio darasani akafika hadi nje ya geti, kwenye magari. Mlinzi ndiye aliyemuwahi. Tangu hapo kila nikifumba macho naiona barabara ile ya Mawaleh.

Ofisini nilimkuta mkuu, mwanamke wa makamo, na pembeni yake mwanasheria wa idara ya elimu, kijana mwenye kanzu iliyopigwa pasi ikakaa. Mkuu alisema nami kwa Kiarabu, lugha ya nchi hii.

"Tumeona bora ahamie kituo cha watoto kama yeye. Tia saini hapa tumalize kwa wema."

"Na nisipotia?"

"Mimi sibebi dhamana ya roho yake."

Hapo alinishika, maana hofu yake ndiyo yangu. Nikachukua kalamu. Nikamsikia mwanasheria akimwambia mkuu kwa Kiswahili, sauti ya chini:

"Kamati ya wataalamu haijamtathmini mtoto. Kumtoa hivi hatuna sheria. Mama akiridhia mwenyewe, sawa. Akikataa, tumekwama."

"Ataridhia," mkuu akamjibu. "Huyu Mwarabu wa Nizwa, hatasumbua."

Baba yangu kweli ni mtu wa Nizwa, na Kiarabu changu ni cha huko, ndiyo maana walidhani Kiswahili sikisikii. Lakini mama yangu kazaliwa Unguja, na sisi, kama wao, tumelelewa kwa Kiswahili.

Nikaiweka kalamu mezani.

"Sitii saini," nikasema, kwa Kiswahili. "Nnataka kamati imtazame mwanangu kwanza, kama sheria inavyotaka."

Mwanasheria akasema taratibu, "Ana haki, mwalimu."

Mkuu aligeuka kunikabili. "Haya. Na akitoka tena kabla kamati haijakaa?"

Swali lilikuwa la haki.

"Nitakaa naye darasani mimi mwenyewe," nikasema, na kazini kwangu Wattaya sijamuomba mtu ruhusa.

Nilipewa likizo isiyo na mshahara, kwa shingo upande. Nikakaa nyuma ya darasa, kwenye kiti cha mtoto, nikiitazama saa ya ukutani kila kengele ilipokaribia, mkono wangu tayari begani kwake. Kamati ilikuja, ikamtazama, ikaamua abaki: apewe mwalimu msaidizi, na apelekwe chumba kimya kabla ya kengele. Mkuu alinipa habari hiyo kwa Kiarabu, kwa adabu. Kiswahili hatukusemeshana tena.

Siku mwalimu msaidizi alipoanza, nilimkabidhi mwanangu nikaaga. Nilifika garini tu. Nikakaa mbele ya geti, injini inanguruma, macho mlangoni, mpaka skuli ikafungwa.